Mheshimiwa Aliyelala Kabatini

Modesti Nibitanga alikuwa mpiga picha pekee wa Ulyankulu mwenye ruhusa ya kusimama altareni, na ruhusa hiyo hakuipata kwa ucha Mungu. Aliipata kwa sababu paroko alichoka. Siku moja ya Komunyo ya Kwanza wazazi walivamia altare na simu zao kama wanaogombea sukari ya mgawo. Mama mmoja akampiga kiwiko mtumishi wa misa, mshumaa ukaanguka, na pazia la Bikira Maria likapata tundu ambalo mpaka leo limezibwa kwa ua la plastiki. Paroko akapiga marufuku simu zote kanisani.

"Kamera moja," alisema. "Mtu mmoja. Na awe na viatu."

Modesti alikuwa na viatu.

Kabla ya hapo alilima tumbaku, kama baba yake Mzee Viktori na kama nusu ya watu wa kule ambako vijiji vilipewa namba kabla ya kupewa majina. Anayedhani tumbaku ni kilimo hajawahi kulala ndani ya bani. Bani ni kile kibanda cha udongo cha kukaushia majani: unawasha moto, unakaa nao siku tano au sita, ukisinzia majani yanaungua, usiposinzia unaungua wewe. Modesti alitoka humo kila msimu macho mekundu na kikohozi cha mzee wa miaka themanini, na baada ya mauzo alikuwa anadaiwa mbolea aliyokwisha kuisahau.

Kamera aliinunua kwa mtafiti mmoja aliyekuja kuwauliza wazee, waliowahi kuwa wakimbizi kutoka Burundi, wanajisikiaje kuwa raia. Wazee walijibu kwamba wanajisikia njaa. Mtafiti akaandika hayo yote, akaishiwa nauli, akauza kamera. Ilikuja na chaja moja na betri moja nyeusi, isiyo na jina wala nembo, iliyotengenezwa na watu ambao hawakutaka kujulikana.

Mkewe, Esperansi, alikubali kwa sharti moja.

"Baba Irakoze, piga picha zako. Mimi sina neno. Lakini siku utakayoharibu kazi ya kanisani, hakuna mtu atakayekuita tena hata kumpiga picha mbuzi. Siku hiyo tunaiuza hii kamera, unarudi bani."

"Sitarudi bani."

"Basi usiharibu."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka likatoka tangazo la kipaimara. Ulyankulu haikuwa imepata kipaimara miaka minne, kwa hiyo watoto walikuwa wamerundikana: mia moja arobaini na watatu, wengine wakiwa na ndevu. Askofu mstaafu kutoka mbali ndiye angekuja kuwaimarisha, na angekuja baada ya miezi kumi na mitatu, maana maaskofu hupangiwa safari mapema kuliko mvua. Kila familia ilitaka picha moja tu, ileile: dole gumba la Baba Askofu likiwa juu ya paji la uso la mtoto, pale pale linapopaka mafuta ya krisma. Si kabla, si baada. Sekunde moja kwa kila mtoto, na sekunde hiyo hairudi.

Modesti alipoisikia hesabu hiyo, akaitazama betri yake nyeusi na jasho likamtoka. Kesho yake akapanda gari kwenda Tabora.

Duka la Najiat lipo karibu na soko, limebanwa kati ya muuza kanga na muuza asali ya Sikonge ambayo nusu yake ni sukari. Najiat anauza vitu vya kamera na vya simu, na hana subira na wateja. Ni tabia ya mji. Zamani misafara ilipofika hapa kutoka pwani na mizigo ya shanga vichwani mwa watu, Wanyamwezi walikuwa wakizigeuza shanga mkononi na kusema hizi rangi yake imepitwa na wakati, rudini nazo. Tajiri alikuwa ametembea miezi mitatu. Arudi nazo wapi? Ndipo Tabora ilipojifunza ubishi, na haijauacha.

"Nina aina mbili," Najiat alisema, akiziweka juu ya kioo. "Hii orijino. Hii ya Mchina."

"Tofauti yake?"

"Orijino ukiiweka, kamera inakuonyesha asilimia ngapi zimebaki. Ya Mchina ukiiweka, kamera inakutukana kwanza, halafu inafanya kazi."

"Na zikiisha?"

"Orijino inaaga. Ya Mchina inakata roho hapo hapo."

Orijino ilikuwa kwenye boksi lenye karatasi ya kumeremeta. Bei yake ilikuwa ya mbuzi mwenye mimba. Ya Mchina ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwa bei ya jogoo mgonjwa.

"Dada Najiat, ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi ningechukua za Mchina tatu, nizizungushe kama mafiga. Nyinyi mnanunua orijino, mnakwenda kuiabudu."

"Hii ni kazi ya Askofu."

"Askofu ataikagua betri?"

Modesti alifikiria bani. Akalipa mbuzi mwenye mimba. Najiat alipokuwa akimrudishia chenji alimwambia, "Itumie, fundi. Isikae tupu," lakini Modesti alikuwa amekwisha kuzama katika ile karatasi ya kumeremeta, anaigeuza juani apate kuona rangi zinavyobadilika.

Habari za betri orijino zilitangulia kufika kijijini kuliko yeye mwenyewe. Alipoitia kwenye kamera uani kwake, majirani walisogea kuona asilimia kwa macho yao.

"Tisini na nane!" akasoma.

"Piga nyingine tuone!"

"Tisini na saba!"

Walishangilia kila namba iliyoshuka kama wanaofuatilia matokeo ya uchaguzi. Akawapiga picha wao, kuku wao, baiskeli zao, na mlango wa choo kipya cha jirani. Mpaka alasiri asilimia zikafika sifuri. Kamera ikaonyesha alama nyekundu, ikaaga kwa adabu kama Najiat alivyosema, ikazimika. Watu wakapiga makofi.

Mzee Viktori, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitazama yote, alisema, "Kumbe orijino na yenyewe inaisha."

"Inaisha kwa heshima, baba."

"Mh. Mimi serikali ilinichunguza miaka arobaini ndipo ikaniandika orijino. Na mpaka leo nikienda ofisini, kijana anakigeuza cheti changu kama noti anayoishuku. Hiyo betri yako imechunguzwa na nani?"

Modesti alikuwa anaifuta betri kwa leso nyeupe. Akaifunga ndani ya leso ile ile, akafungua kabati la vioo la sebuleni, akailaza kati ya sahani za wageni.

Hapa msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa, lakini tueleze. Katika kila nyumba yenye heshima kuna kabati, na ndani ya kabati kuna vitu vizuri ambavyo havitumiwi. Sahani sita za maua ambazo hakuna aliyewahi kuzilia. Chupa ya chai ambayo haijaonja chai. Mashuka yaliyokunjwa tangu harusi, yanamngoja mgeni mkubwa ambaye akija atasema hakai, anapita tu. Watoto hunywea uji kwenye kikombe kilichovunjika mkono, macho yakiwa kwenye vikombe vizima nyuma ya kioo. Kitu kizuri kukitumia ni kukidharau. Hivyo ndivyo Modesti alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyoilea betri.

"Ipumzike," alimwambia mkewe. "Itaamka siku ya Askofu."

"Umefanya vizuri," Esperansi alisema, na akaisogezea sahani moja isilione jua.

Nyumbani wakaiita Mheshimiwa: alikaa ndani, alifunikwa, hakufanya kazi, na wote walimzungumzia kwa sauti ya chini. Ile nyeusi wakaiita Kibarua.

Kibarua alifanya kazi mwaka mzima. Alipiga harusi za Kaliua na misiba ya Urambo, picha za wanafunzi za mtihani, ng'ombe wa kuuza, shamba lenye mgogoro wa mpaka. Kila asubuhi Modesti alipowasha kamera, kioo kilileta maandishi kwamba betri hii haitambuliki, je, unataka kuendelea? Modesti alibonyeza ndiyo. Mwaka mzima aliulizwa kama anamtambua huyu mtu, na mwaka mzima alisema ndiyo kwa kidole. Kibarua hakuonyesha asilimia. Alikwenda tu, halafu akafa bila kuaga, na Modesti akajifunza kumhesabia: mwanzoni picha mia moja na hamsini, baadaye mia na ishirini, na kadiri alivyochoka, akapungua.

Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, asubuhi, Modesti alinawa mikono, akamtoa Mheshimiwa kabatini, akamfungua leso, akamtia kwenye chaja. Taa ya chaja ikawa inapepesa, nyekundu, harakaharaka, kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni. Akamtoa, akampuliza, akamrudisha. Ikapepesa vile vile.

"Labda hajaamka vizuri," Esperansi alisema.

Mzee Viktori akaja kuangalia. Mzee alikuwa ameishi na redio ya betri za mawe zaidi ya nusu ya maisha yake na alijiona mtaalamu.

"Ianike," aliagiza.

"Baba, hii si betri ya redio."

"Betri ni betri. Ianike juu ya bati."

Mtu aliyekata tamaa hana ubishi. Modesti alimwanika Mheshimiwa juu ya bati, pembeni ya mihogo iliyokuwa inakauka, na wote watatu wakakaa chini wakitazama juu kama wanaongojea mvua. Baada ya saa mbili akamshusha, wa moto kama kiazi. Chaja ikapepesa.

"Nipe hapa," Mzee Viktori akasema. Kabla Modesti hajaelewa, mzee alikuwa amekwisha kumtia Mheshimiwa mdomoni, anamng'ata kwa meno ya pembeni, kama tulivyokuwa tukizing'ata za redio ili zitoe moto wa mwisho tupate kusikiliza taarifa ya habari.

"Baba! Baba, tema!"

"Ngumu," mzee alisema, akiitema mkononi. "Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe, hii ni orijino kweli. Imenilegeza jino."

Modesti akampigia Najiat simu.

"Uliihifadhi ikiwa tupu?" Najiat aliuliza.

"Niliipumzisha."

"Miezi mingapi?"

"Kumi na mitatu. Kwenye leso nyeupe."

Upande wa pili muuza asali alisikika akiapa kwamba asali yake haina sukari.

"Fundi, umeiua. Betri hizi zinalala na chakula tumboni, hazilali njaa. Hiyo si sahani."

"Basi nitumie nyingine. Yoyote. Ya Mchina."

"Gari la leo limeondoka. La kesho likifika kwenu, Askofu ameshanawa mikono."

Modesti akakata simu. Esperansi aliliendea bani lao la zamani nyuma ya nyumba, akausukuma mlango, akachungulia ndani, akaanza kufagia. Hakufagia kwa hasira. Alifagia kama mtu anayeandaa chumba cha mgeni anayemfahamu.

Jumapili Kibarua aliingia kanisani akiwa ameshiba umeme wa usiku mzima. Modesti alijiwekea masharti: picha moja kwa mtoto mmoja, hakuna mwanga wa flashi, hakuna kuangalia kioo. Kanisa lilikuwa jipya, lenye madirisha madogo ambayo mhandisi aliyapunguza ili vioo vitoshe nyumba yake. Ndani mlikuwa na giza la saa kumi na mbili.

Watoto walipangwa mstari, kila mmoja na msimamizi wake amemwekea mkono begani. Mpangaji alikuwa Mama Tekla, mwenyekiti wa kamati ya liturujia, mwanamke mwenye sauti ya kengele na kitambaa cha kichwa kirefu kama mnara. Kwa bahati ya ajabu mjukuu wake mwenyewe alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa mtoto wa katibu. Wa tatu, wa mhasibu. Roho Mtakatifu angewashukia wajumbe wa kamati kwanza, halafu wanakwaya, halafu wengine.

Dole gumba likaanza. Modesti akapiga. Kumi, thelathini, sitini. Shati lilimganda mgongoni. Tisini. Tisini na sita. Tisini na saba.

Wa tisini na nane, Kibarua akakata roho.

Kamera ikawa tofali. Askofu hakusimama, mafuta hayasimami. Watoto arobaini na sita walikuwa bado, mmoja mmoja wakisogea mbele, na Mama Tekla amesimama pembeni akimwangalia Modesti kwa jicho moja. Modesti akaliona bani. Akauona mlango wake ukiwa wazi, limefagiwa. Akaiinua kamera iliyokufa mpaka jichoni, dole likagusa paji, na kutoka mdomoni mwa Modesti ukatoka mlio mdogo:

"Kchik."

Mtoto akamtupia jicho. Mama Tekla hakustuka. Mwingine akasogea.

"Kchik."

Akaendelea hivyo. Kufikia wa mia na ishirini mate yalikuwa yamemwishia, mlio ukawa unatoka kama "pchu", na msimamizi mmoja aitwaye Samweli alimkazia macho akidhani anabusiwa kwa mbali. Modesti alimaliza watoto wote arobaini na sita kwa mdomo.

Misa ilipokwisha, Mama Tekla akamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepiga kwa moyo. Mpaka midomo ilikuwa inacheza."

Modesti alitamani ardhi impokee. Angeweza kukaa kimya mpaka picha zitoke, aseme mashine ya kusafishia imezila. Wenzake wa Urambo husema hivyo kila mwezi na bado wanakula. Lakini familia arobaini na sita zingekuja mlangoni pamoja, na Esperansi ndiye angefungua. Akageuka, akaingia sakristia.

Askofu alikuwa anavua kanzu, paroko amemshikia fimbo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Askofu. Nimetenda dhambi."

"Milele amina. Ngoja kidogo, mwanangu. Nina njaa."

"Baba, haiwezi kungoja pilau."

Akaeleza yote, kuanzia kabati mpaka tofali. Alipofika kwenye mlio, paroko alifumba macho.

"Arobaini na sita?" Askofu aliuliza. "Kwa mdomo?"

"Ndiyo, baba."

"Hebu utoe."

"Baba?"

"Huo mlio. Utoe niusikie."

"Kchik," Modesti akasema, na machozi yakimlengalenga.

Askofu alicheka mpaka akashikilia meza. Paroko hakucheka. "Baba Askofu," alisema, "kipaimara hakirudiwi."

"Hakirudiwi," Askofu alikubali, akijipangusa macho. "Lakini dole gumba ni langu. Nitaliweka bila mafuta. Kuna umeme pale tunapokula?"

Kwa hiyo Kibarua alikaa kwenye soketi ya chumba cha kulia cha paroko, kati ya sufuria ya pilau na bakuli la kachumbari, na akala kwa muda ule ule waliokula wakubwa. Saa kumi alasiri wale arobaini na sita wakapangwa nje, kwenye ukuta mweupe wa ofisi ya parokia. Askofu alikuwa ameshiba. Akawatania watoto mmoja mmoja, akawauliza nani ana mchumba, akaweka dole kwenye paji, akaliacha hapo hata sekunde tano. Jua lilikuwa la dhahabu. Modesti alipiga picha moja moja kwa kila mtoto, na Kibarua hakukata.

Picha zilipotoka Tabora na kugawiwa Jumapili iliyofuata, ugomvi ulianzia kwenye mlango wa kanisa.

Wale tisini na saba wa mwanzo, waliopakwa mafuta ya kweli, dakika ya kweli, walitoka weusi kama waliopigwa picha ndani ya gunia. Askofu amefumba macho. Watoto wamekunja sura. Wale arobaini na sita wa dole kavu walimeremeta kama kalenda.

"Mwanangu kapata sakramenti," baba mmoja alifoka, "mbona anaonekana kama anapimwa malaria?"

"Wangu kachekewa na Askofu!" mama wa mtoto wa mia moja na thelathini alijibu, akiinua picha juu.

"Yako ya kuigiza!"

"Ya kuigiza lakini inaonekana!"

Mama Tekla alikuwa ameshika picha ya mjukuu wake, wa kwanza kati ya wote. Kilichoonekana ni mkono, kivuli, na pua ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Akaitisha kamati siku hiyo hiyo, ndani ya ofisi. Modesti na Esperansi walingoja nje kwenye benchi, kamera ikiwa katikati yao ndani ya mfuko wake, imefutwa vizuri, tayari kwa mnunuzi.

"Mnunuzi nimempata," Esperansi alisema polepole. "Nimemwambia angoje mpaka jioni."

"Sawa, Mama Irakoze."

Mama Tekla akatoka baada ya saa nzima. Kitambaa kilikuwa kimeinama upande.

"Tumempigia Baba Askofu," alisema. "Amesema kwa dole gumba yuko tayari, mradi na ile pilau iwepo. Atakuja mwisho wa mwezi kwa ajili ya hawa tisini na saba. Utawapiga nje, pale pale ukutani."

"Mimi, mama?"

"Kwani yuko mwingine mwenye viatu? Na kamati inakununulia betri. Orijino, ngapi?"

Modesti akamtazama mkewe. Esperansi akaufungua mfuko, akamvalisha kamera shingoni.

"Za Mchina, mama," akasema. "Tatu."

Tangu hapo parokia ile hufanya kila jambo mara mbili: mara ya kwanza ndani kwa ajili ya Mungu, mara ya pili nje, kwenye mwanga mzuri, kwa ajili ya Modesti. Ubatizo hurudiwa na maji ya kopo. Hata sadaka hurudiwa, watu hutoa noti kubwa mbele ya kamera na kuzirudisha mfukoni. Jumamosi iliyopita ilikuwa harusi ya Ngollo na Julieth. Altareni Ngollo alijibu "ndiyo" kabla padri hajamaliza swali. Nje, ukutani, padri akamuuliza tena kwa ajili ya picha. Ngollo alimtazama Julieth, akawatazama wakwe zake waliojipanga nyuma yake na vitenge sare, akafungua mdomo, akaufunga, akameza mate.

Modesti akabonyeza.